Anwani zinazohama: kinga ya kumbukumbu na programu zinazoangushwa nayo

Tatizo lililonifikisha kwenye mada hii lilikuja na sura ya uchawi. Kulikuwa na programu ya zamani ya kutunza hesabu za bohari, imetumika miaka mingi kwenye kompyuta kuukuu, ikahamishiwa kwenye kompyuta mpya. Siku iliposakinishwa ilifanya kazi vizuri. Uifunge, uifungue, mara kumi, mara ishirini, haina neno. Kesho yake, kompyuta ikishawashwa upya, programu inafunguka, inaonyesha nembo yake, kisha inatoweka. Haitoi hata ujumbe wa hitilafu. Ukiisakinisha tena inapona, mpaka siku kompyuta itakapozimwa. Walioitumia walikuwa wameshajipatia dawa yao: kompyuta haizimwi. "Fundi, hii kitu ina wenyewe," karani mmoja aliniambia, na siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu lilikuwa kwenye namna mifumo endeshi ya leo inavyopanga vitu ndani ya kumbukumbu. Inavipanga kwa bahati nasibu, na inafanya hivyo kusudi, ili mdukuzi asijue kitu gani kiko wapi. Kinga hiyo inajulikana kwa herufi ASLR. Imezuia mashambulizi mengi, na katika kufanya hivyo imeangusha programu ambazo hazikuwa na kosa lolote machoni pa mtumiaji. Nataka kueleza kwa nini, maana maelezo ya kawaida huishia kwenye "zima hiyo kinga uone kama itafanya kazi", na ushauri huo mara nyingi ni mbovu kuliko ugonjwa.

Kila kitu palepale

Kwa programu inayoendeshwa, kumbukumbu ni safu ndefu mno ya visanduku vyenye namba. Namba ya kisanduku ndiyo anwani yake. Programu inapopakiwa, msimbo wake unawekwa sehemu moja na maktaba inazozitegemea, yaani mafaili ya msimbo unaotumiwa na programu nyingi, sehemu nyingine. Data za muda za kila kazi zinarundikwa kwenye staki, na nafasi inayoombwa kadiri kazi inavyoendelea inatolewa kwenye eneo liitwalo hipu. Kila mchakato, yaani programu moja inayoendeshwa, una safu yake peke yake, kwa hiyo programu mbili zinaweza kutumia namba ileile ya anwani bila kugongana.

Kwa kuwa hazigongani, kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kuhamisha vitu. Faili tekelezi la Windows lilizoea kupakiwa kuanzia 0x00400000 (anwani huandikwa kwa tarakimu kumi na sita, 0 hadi 9 kisha a hadi f, na 0x mbele ni alama ya mtindo huo). La Linux ya biti 32 lilikaa 0x08048000. Uendeshe programu leo au kesho, kwako au kwangu, kila kitu kilikuwa palepale.

Utulivu huo ulimfaa sana mshambulizi. Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulipoenea kwenye intaneti ya wakati ule, njia yake mojawapo ilikuwa huduma iliyoitwa finger. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya baiti 512 kwa ajili ya ombi linaloingia, bila kukagua urefu wa ombi lenyewe. Mnyoo ulileta baiti 536. Zilizozidi zilimwagikia kwenye staki na kufuta anwani ambayo kichakataji kingeirudia baada ya kumaliza kazi, na mahali pake pakaandikwa anwani ya msimbo wa mnyoo. Hila hiyo ilifanikiwa kwa sababu aliyeitunga alijua staki ya kompyuta ya VAX itakuwa wapi. Angekosea anwani, huduma ingeanguka tu na mnyoo ungebaki nje.

Baadaye ikaja kinga ya kukataza msimbo kuendeshwa kutoka kwenye staki. Mwaka 1997 mtaalamu wa usalama anayejiita Solar Designer alionyesha kwamba haitoshi: mshambulizi hana haja ya kuleta msimbo wake, anaweza kukirusha kichakataji kwenye kazi iliyomo tayari ndani ya maktaba ya mfumo. Anachohitaji ni anwani ya kazi hiyo, na anwani ilikuwa ileile kwa kila mtu.

Hapo ndipo mradi wa PaX, mwaka 2001, ulipotoa kiraka cha Linux kilichochanganya anwani kila programu inapoanza. Mifumo mikubwa ilifuata kwa mwendo wake: OpenBSD 3.4 mwaka 2003, kiini cha Linux 2.6.12 mwaka 2005, Windows Vista mwaka 2007, na Mac OS X 10.5 mwaka huohuo, ingawa hiyo ya mwisho ilichanganya maktaba tu na kazi yote ikakamilika kwenye toleo la 10.7 la mwaka 2011. iOS iliipata kwenye 4.3. Android ilikamilisha kwenye 4.1, mwaka 2012.

Ione kwa macho yako

Kama una Linux karibu, fungua terminali uandike `cat /proc/self/maps`, kisha uandike tena. Amri hiyo inaiambia programu ndogo ya cat ioneshe ramani ya kumbukumbu yake yenyewe. Mara ya kwanza mstari wa juu unaweza kuanza na 55d0c3a4e000. Mara ya pili unaweza kuanza na 56017b912000. Maktaba zinaanza na 7f, staki nayo iko huko juu karibu na 7ffc au 7fff, na tarakimu zinazofuata hazifanani kati ya mara moja na nyingine.

Lakini angalia mwisho wa namba. Sufuri tatu hazibadiliki kamwe. Kumbukumbu hugawanywa kwa kurasa za baiti 4,096, na mfumo unahamisha kurasa nzima, haukati ukurasa katikati. Kwa hiyo kazi iliyoko umbali wa 0x1a40 kutoka mwanzo wa maktaba itaishia na a40 siku zote, popote maktaba ilipotupwa. Liweke hilo akilini, maana ndilo lililonifumbulia fumbo la bohari.

Windows inafanya mambo kwa namna nyingine kidogo. Inahamisha vipande vya baiti 65,536, hivyo tarakimu nne za mwisho ndizo zinazobaki. La muhimu zaidi, maktaba za Windows hupangiwa anwani mpya mara moja tu kila kompyuta inapowashwa, kisha michakato yote inaikuta maktaba ile mahali palepale hadi kompyuta izimwe. Sababu yake ni ya kubana matumizi: nakala moja ya maktaba inakaa kwenye kumbukumbu na inatumiwa na programu zote, na ingehitaji marekebisho tofauti kama kila programu ingeiona kwingine.

Msomaji mwepesi ameshaanza kunusa kilichokuwa kinaisumbua ile programu.

Namna programu inavyokubali kuhamishwa

Msimbo uliokwisha kukusanywa umejaa rejea za anwani: ruka pale, soma namba iliyoko hapa. Ukiuhamisha mwili mzima bila kurekebisha rejea hizo, utakuwa kama mtu aliyehama nyumba na barua zake zote zikaendelea kwenda kule kwa zamani.

Kuna njia mbili za kutatua. Ya kwanza, ambayo Windows inaitegemea, ni kubeba ndani ya faili orodha ya kila mahali penye anwani kamili. Mfumo ukilihamisha faili, unapitia orodha na kujumlisha tofauti. Tatizo ni kwamba zamani watengenezaji wengi waliifuta orodha hiyo kwenye faili tekelezi, na wala hawakuwa wazembe: faili tekelezi lilikuwa la kwanza kupakiwa, mahali pake pasingeweza kuwa na mwenyewe, orodha ingelijaza faili bure. Ndiyo maana Microsoft ilipoleta ASLR haikuilazimisha. Programu ilipaswa kusema yenyewe, kwa alama inayowekwa wakati wa kuunganishwa, kwamba iko tayari kuhamishwa.

Njia ya pili ni kuandika msimbo usiojali ulipo: "soma namba iliyoko hatua 300 mbele yangu". Kichakataji cha biti 64 kina amri za kufanya hivyo moja kwa moja. Cha biti 32 cha familia ya x86 hakina, na kwa kuwa kina rejista (visanduku vya ndani ya kichakataji chenyewe) nane tu za matumizi ya jumla, kuitoa moja ili ikumbuke "niko wapi" kulipunguza kasi kwa kiasi ambacho baadhi ya programu zilikihisi. Gharama hiyo ilichelewesha mambo. Ubuntu ilisubiri hadi toleo la 16.10 na Debian hadi la 9, la mwaka 2017, ndipo kompaila zao, zana zinazokusanya msimbo chanzo kuwa programu, zikaanza kutoa programu zinazohamishika bila kuombwa.

Mabadiliko hayo yalileta vurugu zake. Aliyekuwa na maktaba ya kale iliyokusanywa kwa mtindo wa zamani aliona kiunganishi kikikataa na kumtaka aikusanye upya kwa chaguo la `-fPIE`, hata kama msimbo chanzo wake umepotea siku nyingi. Wengine waliongeza `-no-pie` wakaendelea na safari. Lakini kisa ninachokipenda ni cha kubofya mara mbili. Kwa muundo wake, faili tekelezi linalohamishika linafanana mno na maktaba, na zana iliyokuwa ikitambua aina za mafaili iliyaita hivyo. Basi mtu alikuwa anatengeneza programu yake, inaendeshwa vizuri kwenye terminali, lakini akiibofya kwenye dirisha la mafaili anaambiwa hakuna programu ya kufungulia maktaba. Kinga dhidi ya wadukuzi ikaishia kuvunja kubofya.

Android ilichukua msimamo mkali kuliko wote. Kuanzia 5.0, mwaka 2014, faili tekelezi lisilohamishika linakataliwa papo hapo. Simu za kabla ya 4.1, kwa upande wao, hazikuweza kuendesha linalohamishika. Waliosambaza zana za mstari wa amri ilibidi wabebe nakala mbili za kila kitu.

Wanaovunjika, na deni la nani

Mengi yanayovunjika yana mzizi mmoja: programu iliichukua anwani kama ahadi. Lakini siyo kila iliyofanya hivyo ilistahili lawama, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Chukua Emacs. Kihariri hicho hujijenga kwa kupakia kiasi kikubwa cha msimbo wa Lisp, kazi iliyokuwa inachukua muda. Ili mtumiaji asisubiri kila mara, wajenzi wake waliiacha programu ipakie kila kitu, kisha wakamwaga kumbukumbu yake nzima kwenye faili na kuliita hilo faili tekelezi jipya. Ni hila ya werevu, na ilifanya kazi kwa miongo. Linux ilipoanza kuchanganya mahali hipu inapoanzia, picha iliyomwagwa ikawa na vielekezi, yaani anwani zilizohifadhiwa kama data, vya mahali ambapo hapapo tena. Wajenzi wakaagizwa kutumia `setarch -R`, amri inayoendesha programu moja bila uchanganyaji. Baadaye mchakato wa ujenzi wa Emacs ukawa unajizimia kinga wenyewe. Dawa ya kudumu ilikuja kwenye toleo la 27, mwaka 2020: mwagiko wa aina mpya unaobeba maelezo ya kurekebisha vielekezi. Tangu kinga ianze hadi dawa ipatikane ni kama miaka kumi na mitano. Deni lilikuwa la Emacs, na waliokopa walijua wanakopa.

PostgreSQL kwenye Windows ni kesi tofauti, na kwangu ina huruma zaidi. Hifadhidata hiyo huanzisha mchakato mmoja kwa kila muunganisho, na michakato yote inashirikiana eneo moja la kumbukumbu lenye vielekezi ndani yake. Vielekezi hivyo vina maana tu kama eneo hilo liko kwenye anwani ileile kwa kila mchakato. Kwenye Linux hilo linakuja lenyewe, kwa sababu mchakato mpya huzaliwa kama nakala ya mzazi, ramani yake ikiwa ileile. Windows haina uzazi wa aina hiyo. Kila mchakato unaanza upya na kuomba kuwekewa eneo lile mahali fulani. Uchanganyaji ukiwa umetupa maktaba au staki hapo, au programu ya kupambana na virusi ikiwa imechomeka maktaba yake, ombi linakataliwa. Wasimamizi wa seva waliliona hilo kama kosa namba 487: imeshindikana kujiunga tena na kumbukumbu ya pamoja. Linatokea muunganisho mmoja, halitokei mia inayofuata. Wajenzi wakajaribu kuwahi kushika nafasi kabla maktaba hazijapakiwa, na wakaijenga programu yenyewe bila alama ya kuhamishwa.

Hapa nani mwenye deni? Kugawana kumbukumbu yenye vielekezi ni jambo halali kabisa kwenye mfumo ambako hifadhidata hii ilizaliwa. Ni kuhamia kwenye mfumo mwingine kulikougeuza uhalali kuwa kamari.

Cygwin, inayoigiza mazingira ya Unix juu ya Windows, ina mkosi huohuo kwa ukali zaidi. Inalazimika kuigiza uzazi wa nakala kwa mkono: inaanzisha mchakato mtupu, inanakili kumbukumbu ya mzazi ndani yake, na kuomba kila maktaba iwe imetua palepale ilipo kwa mzazi. Moja ikikosea mahali, mtoto anakufa. Ndiyo maana Cygwin ina zana ya kupitia maktaba zake zote na kuigawia kila moja anwani yake ya kudumu isiyogongana na nyingine. Yaani, mfumo unachanganya karata, na zana inazipanga tena.

Kundi jingine lilifichuliwa na wingi wa nafasi. Programu iliyoandikwa enzi za biti 32 ikahamishiwa biti 64 inaweza kuwa bado ina mahali inapohifadhi kielekezi kwenye namba ya biti 32. Kama hipu iko chini ya baiti 4,294,967,296, hakuna kinachopotea, na kosa linalala usingizi miaka. Windows 8 ilileta uchanganyaji wa nafasi kubwa kwa programu za biti 64 zilizoukubali, hipu ikarushwa juu ya mpaka huo, na nusu ya juu ya kielekezi ikawa inakatwa. Programu inasoma mahali pasipokuwepo, inaanguka. Hapo kinga haikuharibu kitu. Iliwasha taa tu.

Halafu kuna zana za kusaka makosa, ambazo mtu angedhani zingekuwa za mwisho kushangazwa. Kikaguzi kama ThreadSanitizer huweka hesabu zake kwenye maeneo maalumu ya kumbukumbu, kikitarajia programu itapangwa ndani ya mipaka fulani. Linux ya biti 64 kwa kawaida inachanganya maktaba kwa biti 28, yaani mahali tofauti 268,435,456. Ubuntu ilipopandisha hadi biti 32, mipaka ikavukwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mitambo ya majaribio ya kiotomatiki ya miradi mingi ilianza kuanguka mara kwa mara bila mtu kugusa msimbo, mara inapita, mara inafeli. Waliosoma ujumbe wa kosa kwa makini walirudisha mpangilio wa Linux unaoamua idadi ya biti hizo, `vm.mmap_rnd_bits`, kuwa 28. Matoleo mapya ya kikaguzi hicho hugundua yenyewe kwamba yametupwa mbali, yakazima uchanganyaji na kujianzisha upya.

Na usisahau kwamba kitatuzi cha GDB huzima uchanganyaji kimyakimya kwa programu inayoiendesha. Kwa hiyo kosa linalotokana na anwani linatoweka pale tu unapoanza kulitazama. Nimepoteza siku mbili za maisha yangu kwa hilo. Ukiandika `set disable-randomization off` ndani ya GDB, mgeni wako anarudi.

Swichi ya kulazimisha

Windows 10 toleo la 1709, la mwaka 2017, lilileta ndani ya mipangilio ya usalama kitu ambacho awali kilipatikana kwa zana ya pembeni iliyoitwa EMET: uwezo wa kulazimisha uchanganyaji hata kwa programu ambazo hazikuukubali. Kwa kawaida swichi hiyo imezimwa. Wapenda usalama huiwasha kwa mfumo mzima, kisha wiki inayofuata wanashangaa bash ya Git, dirisha la amri linalokuja na zana hiyo ya watengenezaji programu, imegoma kufunguka. Haijagoma, inatumia maktaba za ukoo wa Cygwin, na tumeshaona zinavyohitaji kukaa zilipo. Suluhisho ni kuziondolea programu hizo sharti, moja moja kwa jina, kwenye ukurasa uleule wa mipangilio.

Novemba mwaka huo CERT/CC, kituo cha usalama wa kompyuta cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilitoa onyo lenye kejeli ndani yake. Kuanzia Windows 8, ukilazimisha uchanganyaji kwa mfumo mzima bila kuwasha pia ule wa kutenga kumbukumbu kutoka chini kwenda juu, programu zisizoukubali zinahamishwa kweli, lakini zinahamishiwa mahali palepale kila mara. Mtu anapata usumbufu wote wa kuhamishwa bila faida ya kutojulikana alikohamia.

Mbona basi mtu alazimishe? Kwa sababu maktaba moja isiyohamishika inatosha kumpa mshambulizi pa kukanyaga. Office 2007 na 2010 zilikuwa na maktaba ya usaidizi, hxds.dll, iliyokusanywa bila alama ya kuhamishwa. Ukurasa wa wavuti uliweza kuifanya Internet Explorer iipakie, na palepale mdukuzi alikuwa na msimbo kwenye anwani anayoijua. Microsoft ilitoa kiraka Desemba 2013. Na hata maktaba zote zikikubali, wingi wa mahali una maana: watafiti mwaka 2004 walionyesha kwamba biti 16 za uchanganyaji kwenye mfumo wa biti 32 zinaweza kukisiwa kwa kujaribujaribu kwa wastani wa sekunde 216. Ndiyo maana wahandisi wanaendelea kuongeza biti ijapokuwa wanajua kila biti itamwamsha mtu usiku.

Kutafuta mwizi

Dalili ya kwanza ni kutokuwa na mpangilio: programu ileile, data zilezile, matokeo tofauti. Kwenye Linux, iendeshe mara ishirini kwa kawaida, kisha mara ishirini kwa `setarch -R`. Kama anguko limetoweka, umepata chanzo. Hujapata tiba bado, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaandika 0 kwenye `/proc/sys/kernel/randomize_va_space` na kuondoa kinga kwa kila kitu kilichomo kwenye kompyuta, pamoja na kivinjari, kwa ajili ya programu moja. Kama lazima uzime, zima kwa programu hiyo tu.

Kwenye Windows, uliza swali ambalo mimi sikuliuliza mapema: je, tabia inabadilika programu ikifunguliwa upya, au kompyuta ikiwashwa upya? La kwanza linaelekeza kwenye hipu au staki. La pili linaelekeza kwenye maktaba.

Unayeandika programu, kanuni ni fupi. Kielekezi hakiandikwi kwenye faili, hakitumwi kwa mchakato mwingine, hakitumiki kupanga orodha. Hilo la mwisho husahaulika: ukipanga vitu kwa kufuata anwani zao, matokeo yako yatabadilika mpangilio kila mara, na anayelinganisha mafaili mawili yaliyojengwa kwa msimbo uleule atadhani kuna aliyeyagusa. Hifadhi umbali kutoka mwanzo badala ya anwani kamili. Waliotengeneza nyongeza za michezo ya kompyuta walilijua hili mapema kuliko wengi wetu: zamani walisambaza anwani tupu ya mahali penye idadi ya risasi, leo wanasambaza jina la faili na hatua kutoka mwanzo wake.

Nikirudi bohari. Nilifungua faili la mipangilio la programu ile kwa kionyeshi cha baiti, nikahifadhi nakala, nikaizima kompyuta, nikasakinisha upya, nikalinganisha. Mafaili mawili yalifanana kabisa isipokuwa baiti mbili. Pembeni yake kulikuwa na baiti mbili nyingine zisizobadilika, na ukizisoma zote nne kinyumenyume, kama kichakataji kinavyozisoma, ya kwanza ilitoa 0x76621A40 na ya pili 0x74F31A40. Tarakimu nne za mwisho zilezile. Ilikuwa anwani ya kazi iliyomo ndani ya maktaba ya mfumo. Aliyeandika programu alimwaga kipande cha kumbukumbu kwenye faili kama kilivyo, kielekezi kikiwamo, na kwenye Windows za kabla ya Vista anwani ile haikubadilika isipokuwa maktaba yenyewe ikisasishwa.

Kuizimia kinga programu yenyewe hakukusaidia kitu, kwa kuwa kilichohama kilikuwa maktaba ya mfumo, na hiyo inahama kwa wote. Msimbo chanzo haukuwepo, mwandishi wake hajulikani alipo. Lakini kisakinishi kilikuwa na hatua moja ya kuunda faili lile, na iliweza kuendeshwa peke yake. Niliandika faili la amri lenye mistari mitatu: futa la zamani, unda jipya, fungua programu. Nikaliwekea ikoni ileile ya programu kwenye eneokazi.

Kompyuta sasa inazimwa jioni. Karani bado anasema ina wenyewe.